Chunusi, Septrin na mapafu: raia ana haki ya kujua anachomeza



Najua wengi mlitegemea wiki hii tuandike kuhusu Tume ya Uchaguzi au kupanda kwa bei ya mafuta. Hayo hayakimbii, tutayarudia. Leo naomba tuzungumze kuhusu chunusi. Ndiyo, chunusi hizi hizi za usoni na mgongoni. Kuna watakaosema "huyu dada kaishiwa mada." Someni mpaka mwisho, halafu mniambie kama hili si suala la siasa.

Tuanze na dawa yenyewe. Ni nyumba chache sana Tanzania ambazo hazijui Septrin. Jina lake la kitaalamu ni kotrimoksazoli, na ndani yake kuna dawa mbili: sulfamethoksazoli, ambayo ni ya jamii ya salfa, na trimethoprimu. Iliingia sokoni Uingereza mwaka 1968, na ikaenea duniani kwa majina mawili ambayo mpaka leo yamebaki midomoni mwa watu, Septrin na Bactrim. Ni dawa nzuri. Inatibu maambukizi ya njia ya mkojo, inatibu aina fulani za nimonia, na kwenye kliniki za CTC ndugu zetu wanaoishi na VVU hupewa ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi. Imeokoa watu wengi mno. Makala hii haiji kuitukana.

Ila kuna kazi nyingine ambayo dawa hii imepewa pembeni, nayo ni kutibu chunusi. Chunusi zikiwa kali, madaktari wa ngozi huagiza antibayotiki za kumeza kwa muda maalum. Za mbele kwenye foleni ni za jamii ya tetrasaiklini, kama doksisaiklini. Septrin iko nyuma kabisa. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani unataka ibaki kwa mgonjwa ambaye hizo nyingine hawezi kuzitumia au zimeshindwa kumsaidia. Sasa ingia duka la dawa mtaani kwako, useme una chunusi zisizoisha, uone kama kuna mtu atakuuliza hiyo foleni ikoje. Utapewa kilichopo.

Sasa sikilizeni kilichotokea huko Marekani.

Mwaka 2019 madaktari wa hospitali ya watoto ya Children's Mercy iliyoko Kansas City, akiwemo Jenna Miller na Jennifer Goldman, walichapisha ripoti kwenye jarida la Pediatrics. Walieleza habari za wagonjwa watano. Wote walikuwa vijana, na kabla ya hapo walikuwa wazima wa afya. Wote mapafu yao yalishindwa kazi ghafla, na walipopekuliwa hakukuonekana sababu ya kawaida. Kitu kimoja kiliwaunganisha: kila mmoja alikuwa kwenye dozi ya kotrimoksazoli. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wakitibiwa chunusi tu. Kijana anaanza dozi ili uso uwe safi, baada ya siku kadhaa anakohoa, pumzi inakata, anawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Wengine ilibidi wawekwe kwenye ile mashine inayotoa damu nje ya mwili, inaitia oksijeni na kuirudisha. Madaktari walipochunguza mapafu yao waliona vile vifuko vidogo vya hewa vimeumia vibaya, na utando wake wa ndani unachelewa kuota upya. Si wote waliopona.

Taarifa hizo hazikuishia kwenye jarida. Leo karatasi ya maelezo ya Bactrim iliyoidhinishwa Marekani inasema wazi kwamba kuna watu, wakiwemo waliokuwa na afya njema, waliopata madhara makali ya mapafu ndani ya siku chache mpaka wiki moja hivi baada ya kuanza dawa, na kwamba mwisho wake ulikuwa mashine ya kupumulia, kupandikizwa mapafu, au kifo. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo mengine yaliyoonyesha kwamba madhara haya yana uhusiano na aina fulani za vinasaba vya kinga ya mwili. Maana yake ni kwamba huenda siku moja tutaweza kumpima mtu kabla ya kumpa dawa.

Septrin haiko peke yake. Minosaiklini, ambayo nayo ni dawa ya chunusi ya siku nyingi, inajulikana kusababisha kwa nadra uvimbe wa mapafu unaoambatana na homa, kikohozi na kukosa pumzi. Mara nyingi hali hiyo hutulia dawa ikisimamishwa mapema. Neno la msingi hapo ni mapema.

Tuelewane kabla mtu hajakurupuka. Madhara haya ni nadra sana. Watu wengi mno duniani wamemeza Septrin bila kupatwa na hili. Na kama wewe au ndugu yako mnatumia Septrin mliyopewa CTC, msiiache kwa sababu ya makala ya blogu. Kwa mtu anayeishi na VVU, faida ya kinga hiyo ni kubwa, na mazungumzo yoyote kuhusu dawa yako ni kati yako na mhudumu wako. Hapa tunamzungumzia kijana mzima, hana ugonjwa mwingine, anameza antibayotiki ya salfa kwa ajili ya ngozi, bila kuandikiwa na bila kuambiwa kitu. Mizani yake ni tofauti. Upande mmoja kuna chunusi, upande wa pili kuna hatari ndogo lakini ya kufa. Huyo anastahili kuambiwa ndipo achague.

"Sasa dada, siasa iko wapi hapo?" Iko hapa.

Angalieni miaka. Dawa iliingia sokoni 1968. Ripoti ya wale vijana watano ilitoka 2019. Ni miaka 51. Nusu karne dawa inamezwa dunia nzima ndipo watu wakaunganisha nukta tano. Kwa nini? Kwa sababu jambo la nadra halionekani na mtu mmoja. Muuza dawa wa Mbagala anaweza kuuza Septrin maisha yake yote asikutane nalo. Daktari wa Kahama anaweza kuliona mara moja, akaandika "nimonia kali" na kuendelea na foleni. Mama aliyefiwa atasema ni kazi ya Mungu, na hakuna wa kumlaumu kwa kusema hivyo. Jambo la namna hii linaonekana pale tu taarifa za watu wengi zinapokusanywa mahali pamoja na kuhesabiwa na mtu mwenye mamlaka. Kukusanya, kuhesabu na kutangaza ni kazi ya dola. Ndiyo maana tunalipa kodi.

Tanzania kazi hiyo ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ipo fomu ya njano ambayo mhudumu wa afya anatakiwa aijaze akiona maudhi ya dawa kwa mgonjwa. Mfumo upo, na nchi yetu imo kwenye mtandao wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa tangu miaka ya 1990. Nawauliza wasomaji wangu kwa upole: ni wangapi kati yenu mmewahi kusikia kuhusu fomu ya njano kabla ya leo? Ni wangapi mlipata vipele vya salfa, mkaambiwa "usinywe tena hiyo," na hakuna aliyeandika popote? Aleji ya salfa mitaani kwetu inajulikana kama inavyojulikana malaria. Kila ukoo una mtu wake. Lakini maarifa hayo yanaishia sebuleni.

Halafu angalieni dawa inavyouzwa. Kisheria antibayotiki ni dawa ya cheti cha daktari. Mitaani unanunua vidonge kumi kwa hela uliyonayo, vinakatwa kutoka kwenye boksi kubwa au vinahesabiwa kwenye kopo, vinatiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa "2x2", basi. Karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi, na ukiomba uione, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulipiga makofi, na mimi ninayesoma sheria nilifurahi zaidi ya wengi. Hoja ilikuwa kwamba mwananchi hawezi kutendewa haki kwa lugha asiyoielewa. Hoja nzuri. Sasa kama mshtakiwa anastahili kuelewa hukumu yake, mgonjwa hastahili kuelewa kidonge chake?

Katiba yetu haijanyamaza. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Kisha kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayomruhusu raia kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma, na taasisi hiyo inapewa siku 30 za kumjibu. Vifungu tunavyo. Tunachokosa ni watu wa kuvitumia kwenye mambo madogo ya kila siku. Tumezoea kuitaja Katiba siku ya mkutano wa hadhara ukizuiwa. Katiba ni ya dirisha la dawa pia.

Na kuna suala la nani anamezeshwa bila maelezo. Mtoto wa waziri akitokwa na chunusi anapelekwa kwa daktari wa ngozi, anachunguzwa, anaulizwa kama ana aleji, anaandikiwa dawa ya kwanza kwenye foleni, na anaambiwa arudi lini. Binti wa Tandale anaanzia kwenye krimu ya kuchanganya, ikimuunguza anahamia kwenye vidonge vya rafiki yake. Na hata kwenye usimamizi amegawanywa vipande viwili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, vipodozi viko chini ya TBS na dawa ziko chini ya TMDA. Uso ni mmoja, lakini krimu yake ina ofisi yake na kidonge chake kina ofisi yake. Wataalamu wa ngozi nao ni wachache. Tuna kituo kikubwa cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi tangu 1992, na tunajivunia. Lakini kwa kijana wa Kigoma au Mtwara, kumuona daktari wa ngozi ni nauli, ni siku za kazi, ni bima ambayo hana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Neno "wote" lilipigiwa kampeni nzuri. Tunasubiri limfikie na huyu binti.

Na akiwa ndiye yule mmoja wa nadra, pumzi ikakata usiku, atapelekwa wapi? Hospitali ngapi za wilaya zina mashine ya kupumulia inayofanya kazi, na mtu aliyesomea kuiendesha, na oksijeni ya kutosha mpaka asubuhi? Hilo ni swali la bajeti, na bajeti inapitishwa Bungeni na watu waliopigiwa kura.

Kuna watakaosema tunatia watu hofu. Wataalamu wengine husema hivyo kwa nia njema: ukimweleza mgonjwa kila baya linaloweza kutokea, ataacha dawa na kufa kwa ugonjwa. Hofu hiyo naielewa, ndiyo maana nimewataja wa CTC mapema. Lakini dawa ya hofu ni maelezo mazuri. Watu wasipopewa maelezo rasmi watapewa ya WhatsApp, na ya WhatsApp hayatofautishi nadra na kawaida. Tumeliona hili. Mwaka 2020 serikali iliacha kutoa takwimu za Uviko-19 zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Je, hofu iliisha? Hofu ilihamia kwenye misiba na kwenye sauti za kutumiwa zisizojulikana zimetoka wapi. Serikali inayoficha namba inawafundisha wananchi wake kuamini tetesi.

Wengine watasema kosa ni la wauza dawa, wafungiwe. Nakataa. Ukifunga duka la dawa la kijiji leo, kesho mama mwenye mtoto mwenye homa anatembea kilomita 20. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba watu walikuwa wanapata dawa ovyo kwa watu wasiofundishwa. Yule dada wa kwenye duka anaweza kuwa mlinzi wetu wa kwanza kama atapewa mafunzo ya mara kwa mara, karatasi za kugawa na namba ya kupiga. Kumfungia ni rahisi, na kunapendeza kwenye kamera. Kumwezesha ni kazi.

Na tuwe wakweli, hata sisi upinzani tumezoea kuhesabu zahanati kwenye ilani, ngapi zimejengwa, ngapi hazina milango. Usalama wa dawa haupigiwi picha ya kukata utepe, kwa hiyo hakuna anayeuahidi. Ndiyo maana napendekeza jumuiya yetu ya vijana ibebe madai haya manne, na tuyapeleke kwa wagombea wetu kabla ya wa kwao.

Kwanza, kila dawa ya cheti inayouzwa nchini iwe na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili chepesi, na anayenunua vidonge vya kukatwa apewe nakala fupi yenye hatari kubwa na dalili za kukimbilia hospitali.

Pili, TMDA ichapishe kila mwaka, kwa Kiswahili, idadi ya ripoti za maudhi ya dawa ilizopokea, ni dawa zipi, na hatua gani zilichukuliwa. Bila majina ya wagonjwa. Namba tu.

Tatu, mgonjwa mwenyewe aweze kuripoti kwa simu ya kitochi, bure, bila bando. Kama tunaweza kukatwa tozo kwa simu ya kitochi, tunaweza kuripoti vipele kwa simu hiyo hiyo.

Nne, karatasi ya maelezo ya kotrimoksazoli inayotumika hapa nchini ipitiwe, ionekane kama inalitaja wazi onyo la mapafu lililopo kwenye karatasi ya Marekani. Kama limo, tuambiwe na lifundishwe. Kama halimo, liingizwe. Mapafu ya kijana wa Kansas na ya kijana wa Kasulu yanavuta hewa ile ile.

Wakati tunadai, tulindane. Kama una chunusi kali, usianze antibayotiki kwa ushauri wa rafiki. Nenda kituo cha afya hata kama foleni ni ndefu, na ukipewa dawa uliza ina salfa au haina. Kama uliwahi kupata aleji ya salfa, sema kabla hujaulizwa. Kama umeanza Septrin au dawa nyingine ya chunusi na ukapata homa isiyoeleweka, kikohozi kikavu, kifua kubana, pumzi kuwa fupi, au vipele na vidonda mdomoni na machoni, usisubiri dozi iishe. Acha kumeza dawa hiyo ya chunusi, wahi hospitali siku hiyo hiyo, beba kile kibahasha, na umwambie daktari umemeza nini na ulianza lini. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokolea daktari siku nzima ya kutafuta. Kisha omba fomu ya njano ijazwe. Wakikuambia hawana, iandike hiyo, ututumie.

Wanafunzi wenzangu wa sheria walio kwenye matawi ya vyuo, kazi yenu ni barua. Tuandike ombi la taarifa kwa TMDA chini ya ile Sheria ya 2016, tuulize: kwa miaka mitano iliyopita mmepokea ripoti ngapi za madhara ya kotrimoksazoli, na ngapi kati ya hizo zilihusu mapafu? Barua ya ukurasa mmoja. Rasimu nitaiweka kwenye kundi la jumuiya Ijumaa, kila tawi liweke mhuri na kuipeleka yenyewe. Tutahesabu siku 30. Wakijibu, tutachapisha majibu yao hapa neno kwa neno, hata kama yatawapendezesha. Wasipojibu, tutachapisha tarehe.